Dawa ya Injini Kwenye Njia ya Karanga

Wilaya ya Nachingwea ina kata inayoitwa Stesheni, na treni haijafika huko tangu miaka ya mwanzo ya 1960. Reli iling'olewa, jina likabaki. Mgeni hushangaa, mwenyeji hashangai, kwa kuwa mji wa Nachingwea ulikua kwa ahadi kubwa iliyokuja na meli, ikapanda reli, ikaondoka, na kuacha majina nyuma yake.

Nimeifuata njia ya ahadi ile kutoka pwani, na kilichonituma ni chupa. Katika duka moja la spea huko Nambambo, kati ya tyubu za baiskeli na boksi la plagi, zimepangwa chupa ndogo za rangi za kung'aa. Moja inaahidi kupunguza ulaji wa petroli. Nyingine inakausha moshi. Ya tatu, nzito kama asali, inarudisha ujana wa injini iliyochoka. Wateja wanaziita zote kwa jina moja, dawa. Muuzaji ukimuuliza ndani mna nini, anakusomea lebo. Ukimuuliza nani aliipima, anakutajia dereva wa Fuso aliyeimimina akaenda Dar es Salaam, akarudi na mafuta yamebaki.

Hilo swali la nani alipima ndilo nililosafiri nalo. Ardhi hii ya kusini imewahi kuuziwa dawa za bei kubwa kuliko ya chupa, na historia yake inafundisha kuuliza.

Safari inaanzia Mkwaya, ndani kabisa ya hori la Lindi, mahali ambapo mitambo ya Mradi wa Karanga ilishushwa kwa matishari kabla bandari ya Mtwara haijajengwa. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda vita lakini mafuta ya kula yalikuwa bado ya mgao. Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyo chini ya Unilever, akapeleka wazo serikalini: pori la Tanganyika lifyekwe kwa mashine, lipandwe karanga, na Mwingereza apate mafuta ya kukaangia. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, wakakague. Walitumia sehemu kubwa ya muda wao ndani ya ndege na magari, na kabla mwaka haujaisha ripoti ilikuwa mezani.

Zisome hesabu zake taratibu. Eka 3,210,000, zigawanywe mashamba 107, kila shamba eka 30,000. Mashamba 55 kati ya hayo, yaani zaidi ya nusu, yawe Jimbo la Kusini, kwa maana nyingine huku kwetu Nachingwea na majirani zake. Gharama, kama paundi milioni 25. Tamko rasmi la serikali likatoka Februari 1947, na waziri wa chakula, John Strachey, akalibeba bungeni kwa moyo wote.

Ila ripoti ile haikuwa na shamba la majaribio. Hakuna aliyesema tulime eka elfu moja kwanza, misimu miwili, tuone mvua inasemaje na udongo unasemaje. Kujaribu kungechelewesha, na njaa ya mafuta haikungoja. Hiyo ndiyo lugha ya kila muuza dawa mpaka leo: faida ni ya sasa hivi, kupima ni kupoteza muda.

Kazi ilianzia Kongwa, katikati mwa nchi, kwa sababu kusini hakukuwa na reli wala bandari kubwa. Matrekta mapya hayakupatikana duniani, basi yakanunuliwa makuukuu ya jeshi la Marekani, mengine kutoka Ufilipino, ambako yalikuwa yamekaa juani na mvuani tangu vita viishe. Yalipofika yaliwashwa, yakapelekwa porini. Kufikia mwishoni mwa kiangazi cha 1947, theluthi mbili ya matrekta hayo yalikuwa yamelala. Karakana ya maana haikuwepo, spea hazikulingana na mashine, na madereva na mafundi walikuwa wanafundishwa kazi huku kazi inaendelea. Kisha ikaja Shervick, trekta lililotengenezwa na kampuni ya Vickers kutokana na kifaru cha Sherman. Karatasini lilikuwa jibu la kila tatizo. Porini likashindwa, kwa kuwa kifaru kiliundwa kwenda vitani, si kuvuta mzigo kutwa nzima katika udongo unaokauka ukawa sakafu.

Natua hapa kidogo kwa sababu ya wale wanaopenda kusema kwamba mradi uliuawa na uvivu wa watu au na mizizi ya mibuyu. Matrekta yale yalikufa kwa kukosa spea na karakana, kwa mafundi waliokuwa bado wanafundishwa, kwa chuma kilichokwisha kuchoka kabla hakijapanda meli, na kwa mtu aliyekaa ofisini London akiamini kwamba mashine nyingi hufidia maandalizi machache.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kufuta zaidi ya paundi milioni 36. Kuna simulizi inayorudiwa sana, kwamba mradi ulinunua tani 4,000 za karanga za mbegu, ukavuna tani 2,000. Nachingwea ilibaki na barabara zake zilizonyooka, nyumba kadhaa, reli iliyokuwa ikitafuta mzigo, na mashamba yaliyoitwa kwa namba. Mojawapo ya hayo, Shamba Namba 17, baadaye likawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Kwa hiyo halikwenda bure lote, ingawa hakuna mhasibu wa London aliyeiweka FRELIMO kwenye mizania.

Kutoka Mkwaya barabara inapanda kwenda Mtama, kisha Nyangao na Mahiwa. Leo ni lami, na basi linapita hapo abiria wakiwa wamelala. Lakini Mahiwa, kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, palipiganwa vita vya kutisha kuliko vyote katika kampeni ya Afrika Mashariki. Waingereza walipoteza watu karibu 2,700, waliouawa na waliojeruhiwa. Upande wa pili alikuwa von Lettow-Vorbeck na askari wake, wengi wao Waafrika, waliokuwa wamezingirwa miaka mitatu karibu bila meli za kuwaletea mahitaji. Ndiyo sababu ninapataja hapa. Watu waliozingirwa walilazimika kubuni, na miongoni mwa vitu walivyotengeneza katika koloni lile ni mafuta ya kuendeshea magari kutokana na nazi, wakayaita trebol.

Trebol ilifanya kazi. Haikuwa na lebo wala ushuhuda wa dereva. Ilimiminwa kwenye tenki, gari likaenda au halikwenda, na aliyeitengeneza alikuwa upande mmoja na aliyeitumia. Mtengenezaji na mtumiaji wakiwa chombo kimoja, uongo hauna pa kuishi.

Miaka kumi na miwili kabla, misheni ya Nyangao ilichomwa moto katika vita vya Majimaji. Agosti 1905 vita vilikuwa vimetapakaa kutoka Umatumbi kuja Liwale, Masasi, mpaka huku. Kinjekitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alikwisha kunyongwa Mohoro tarehe 4 mwezi huo, lakini maji yake, yaliyosemekana kuzuia risasi, yalikuwa yanasafiri. Yanasimuliwa kuwa yalikuwa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya nyonyo.

Sitamweka Kinjekitile kwenye rafu moja na muuza chupa, na anayefanya hivyo anaitukana historia. Maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila yasiyowahi kupigana upande mmoja, dhidi ya kodi na viboko na pamba ya kulazimishwa. Alikufa yeye kabla ya wengi waliomwamini. Ninachokichukua hapa ni yale mafuta ya nyonyo, maana yana hadithi ya pili isiyosimuliwa sana huku.

Mwaka 1909 Mwingereza Charles Wakefield (hana uhusiano na yule wa karanga, majina tu yamegongana) alitoa oili mpya kwa ajili ya injini za magari na ndege zilizokuwa zinaanza. Tatizo la wakati huo lilikuwa kwamba oili ya madini ilikuwa ama nzito mno asubuhi, ama nyepesi mno injini ikichemka. Akaongeza mafuta ya nyonyo. Nyonyo hung'ang'ania chuma hata kikiwa cha moto, na haichanganyiki kwa urahisi na petroli, ndiyo maana ndege nyingi za Vita vya Kwanza zilitegemea nyonyo. Oili hiyo ikaitwa Castrol, na dunia nzima inaijua.

Basi mmea uleule unaoota nyuma ya nyumba za Wamwera na Wamakonde ulitiwa kwenye maji ya kuzuia risasi, na ulitiwa kwenye injini za ndege. Huku ukashindwa, kule ukafaulu. Nyonyo ni ileile. Kwenye injini kulikuwa na mtu aliyeipima ikiwa baridi na ikiwa moto, na injini ilimjibu siku hiyohiyo.

Nanganga ni njia panda. Ukinyoosha unakwenda Ndanda na Masasi. Ukikata kulia unaelekea Ruangwa na Nachingwea. Hapo udongo unabadilika, unakuwa mwekundu zaidi, na msimu wa kiangazi vumbi linapanda mpaka kwenye majani ya mikorosho.

Wakulima wa korosho wa huku wanajua kuchanganya mafuta kuliko watu wengi wa mjini. Kuanzia kama mwezi wa tano mashine za kupulizia salfa huanza kunguruma mashambani kupambana na ubwiri unga, na injini za mashine hizo ndogo ni za aina isiyo na tangi lake la oili. Oili huchanganywa moja kwa moja kwenye petroli. Ukikosea kipimo ukaweka oili kidogo, pistoni inashika. Ukizidisha, inatoa moshi na plagi inalowa. Hapo kuna kiongezwa cha kweli: kipimo chake kimeandikwa na mtengenezaji wa injini, kazi yake inajulikana, na ukikiacha utaona matokeo kabla ya saa sita mchana.

Nasisitiza hilo kwa sababu mwenye shaka naye hukosea akisema viongezwa vyote ni utapeli. Oili yoyote nzuri ya dukani, ile yenye alama za API na SAE kwenye dumu, tayari ina viongezwa vingi, sehemu kubwa tu ya ujazo wake: sabuni za kusafisha masizi, kemikali za zinki za kuzuia chuma kusagana na chuma, vitu vya kuzuia povu, na vingine vya kuifanya isiwe nyepesi sana ikipata moto. Wakemia walivipanga pamoja kwa uwiano, wakaviendesha kwenye injini za majaribio mamia ya saa, wakazifungua injini hizo wakapima ulikaji. Anayekuuzia chupa ya kuongeza juu ya hapo anakuambia kwamba wakemia wale walisahau kitu, naye amekikumbuka.

Nambambo, chini ya mwembe, nimemkuta fundi mmoja mtu mzima akiwa amefungua pikipiki ya Boxer. Nimemwamkia shikamoo, ameitikia marahaba bila kuinua uso, kisha amenisogezea kitu kwa kidole gumba. Zilikuwa pleti za klachi. Zilikuwa nyeusi, zimekuwa kioo, na zinanuka kama karatasi iliyoungua.

"Huyu kijana alitaka pikipiki yake iwe nyepesi," amesema. "Akaniletea chupa, nikamkataza, akaimimina mwenyewe nyumbani. Sasa akipanda kilima injini inalia, tairi haliendi."

Maelezo yake ni sahihi kuliko ya lebo. Kwenye gari la kawaida klachi iko pakavu, mbali na oili. Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, klachi, gia na injini vinaoga oili moja. Pleti za klachi zinafanya kazi kwa kukwaruzana, na dawa iliyoundwa kuondoa mkwaruzo haiwezi kujua hapa ni pistoni na pale ni klachi. Inateleza kote. Wajapani waliliona hilo mapema, wakaweka kiwango chao kiitwacho JASO MA kwa ajili ya oili za pikipiki za namna hii. Dumu likiwa na alama hiyo, oili imepimwa kwamba haitaitelezesha klachi. Chupa niliyoiona dukani haikuwa nayo, na picha iliyokuwa juu yake ilikuwa ya gari la mashindano.

Nimemuuliza habari ya ile nzito, ya kukausha moshi. Amecheka. Hiyo, amesema, wateja wake wakubwa ni madalali. Injini iliyokwisha ringi inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Ukiifanya oili iwe nzito, haipiti kirahisi pembeni mwa pistoni. Moshi unapungua, kelele zinapungua, na gari linauzwa kabla ya mwezi kwisha. "Hii haimponyeshi mgonjwa, mwanangu. Inamnyamazisha mpaka apate mnunuzi."

Wamarekani walitumia miaka mingi na mawakili wengi kufika alipofika fundi huyu. Chupa maarufu ya STP, ambayo sehemu yake kubwa ni kitu cha kuongeza uzito wa oili, ilitangazwa kwamba hupunguza ulaji wa oili. Mwaka 1978 kampuni ililipa dola 500,000 kumaliza kesi na Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, kuhusu majaribio iliyoyategemea. Mwaka 1996 tume hiyohiyo iliishtaki Slick 50, dawa iliyokuwa inaongoza soko zima la Marekani kwa kudai kwamba chembe zake, za aina ileile inayopakwa kwenye vikaango, zinashikamana na chuma cha injini na kupunguza ulikaji. Tume ilisema madai hayo hayana ushahidi; mwaka uliofuata kampuni ikakubali kuyaacha. Na shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, limepima zaidi ya vifaa na dawa 100 za kupunguza ulaji wa mafuta. Vichache sana vilionesha nafuu, nayo ndogo. Vingine viliongeza uchafu wa moshi.

Lakini kesi ninayoipenda mimi ni ya betri, na ilianza mwaka uleule wa karanga. Mwaka 1947, Jess Ritchie wa California alianza kuuza unga ulioitwa AD-X2, wa kufufua betri zilizokufa. Maabara ya viwango ya serikali iliupima ikaona ni chumvi tu za sodiamu na magneziamu zisizo na faida yoyote kwa betri. Ritchie hakukubali. Alikusanya barua za wateja walioridhika, akazipeleka kwa wanasiasa. Mwaka 1953 waziri wa biashara, Sinclair Weeks, akamfukuza mkuu wa maabara, Allen Astin, akisema maabara ilipuuza sauti ya soko. Wanasayansi wakaja juu nchi nzima, Astin akarudishwa kazini, na mwaka huohuo kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi ikathibitisha kwamba maabara ilikuwa sahihi: unga ule haukuwa na kitu.

Zile barua za wateja hazikuwa za uongo. Mwenye betri iliyochoka husafisha nati, huongeza maji, huichaji taratibu, kisha hutia unga. Betri ikiamka, sifa anapata unga. Dereva wa Fuso wa muuzaji wetu ni hivyohivyo. Aliyemimina dawa ya kupunguza mafuta siku hiyo huendesha kwa uangalifu maana anataka kuona matokeo. Amejaza upepo tairi, amepata mzigo mwepesi wakati wa kurudi, na mvua haikunyesha. Tenki alilolijaza mpaka juu Nachingwea, Dar es Salaam amelijaza pampu ikakatika mapema. Ukikusanya hivyo vyote vinaweza kufika asilimia kumi bila tone la dawa.

Kama kuna mwenye bodaboda anayetaka kujua ukweli, njia ipo na haina gharama. Kwa wiki kadhaa mwenzake awe anamimina au hamimini bila kumwambia, petroli ijazwe pampu ileile mpaka alama ileile, kilomita ziandikwe daftarini, na daftari lifunguliwe mwishoni. Sijaona chupa hata moja inayomshauri mnunuzi afanye hivyo.

Hata dawa inayofanya kazi inaweza kuwa janga. Tarehe 9 Desemba 1921, Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba kemikali ya madini ya risasi ikiyeyushwa kwenye petroli huzuia injini kugonga. Ni kweli tupu, kipimo kilithibitisha. Oktoba 1924 wafanyakazi watano walikufa kwa sumu hiyo katika kiwanda cha New Jersey, wengine wakiwa wamerukwa na akili, na Midgley akanawa mikono kwa kimiminika hicho mbele ya waandishi wa habari kuonesha ni salama. Petroli hiyo iliuzwa dunia nzima, ikaja hata huku, na watoto wa mijini waliuvuta moshi wake kwa vizazi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, zikaimaliza kufikia Januari 2006. Ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021.

Kwa hapa nchini, dawa iliyowahi kuingia kwenye matenki mengi kuliko zote haikuwa na chupa wala lebo. Ilikuwa mafuta ya taa. Kwa kuwa yalikuwa na kodi ndogo, wauzaji wasio waaminifu waliyachanganya kwenye dizeli na petroli, na neno kuchakachua likawa la kila mtu. Dizeli iliyochakachuliwa haiilainishi pampu ipasavyo. Petroli iliyochakachuliwa inafanya injini igonge na kupoteza nguvu. Mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ikaanza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita ili bei zikaribiane. Maskini mwenye koroboi ndiye aliyelipia dhambi ya mwenye kituo, jambo ambalo lingestahili makala yake.

Vinasaba navyo ni kiongezwa. Havimpi dereva nguvu, havikaushi moshi, na havimwahidi mtu kitu. Kazi yake ni kupimika tu. Wakaguzi wakichota mafuta kwenye kituo wanajua kama yamechanganywa. Kazi hiyo baadaye ikahamishiwa Shirika la Viwango, TBS.

Kijana wa bodaboda anayeona injini yake inagonga, basi, asikimbilie chupa ya kuongeza oktani. Nyingi zinatangaza pointi 20 au 30, na pointi hapo ni moja ya kumi ya oktani, yaani 2 au 3. Pengine tatizo lake ni petroli ya kwenye chupa za maji aliyonunua kando ya barabara kijijini, isiyojulikana imetoka wapi.

Nimemalizia njia Ruangwa, maana huko kuna jambo linalompa haki muuza chupa, japo kidogo. Ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe, na mgodi wa Lindi Jumbo uko Matambarale. Kinywe ni kilainishi cha kweli. Tabaka zake huteleza moja juu ya jingine, na viwanda hukitumia kwenye grisi na mahali penye joto ambapo oili ingeungua. Kuna dawa za injini zinazouzwa kwa sifa ya kinywe, na sifa hiyo si ya uongo. Lakini kinywe kizuri kwenye springi za lori hakigeuki kizuri ndani ya injini yenye chujio la oili na mirija myembamba. Muuzaji huchukua ukweli wa mahali pamoja akauhamishia mahali ambapo haujapimwa, na hivyo ndivyo zinavyotengenezwa dawa nyingi kati ya hizi. Wakefield wa karanga na wenzake walifanya vivyo hivyo: karanga zilistawi kwa mkulima mwenye jembe, wakazihamishia eka milioni tatu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kwa madai yasiyo ya kweli kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Ndugu msomaji, ukiuziwa chupa inayoahidi asilimia, omba karatasi ya kipimo, dai risiti, na tafuta alama ya TBS; kama unaendesha pikipiki, tafuta na JASO MA kwenye oili yenyewe. Muuzaji akibaki na dereva wa Fuso tu, mwachie chupa yake. Pesa hiyo nunulia chujio jipya la hewa kabla kiangazi hakijaanza, kwa kuwa vumbi la Nachingwea bado lipo.